Kabla Sijakukana Mbele ya Watu

Matulo, usiku wa kuamkia safari yako

Wekesa mwanangu,

Nimeanza na jina lako kwa sababu usiku huu ninalo. Nimelitamka mara kadhaa kwa sauti ndogo kabla ya kushika kalamu, mama yako akachungulia kutoka jikoni akidhani nakuita. Nikamwambia aende alale. Hajalala. Yuko huko anakunja upya nguo zako alizokwisha kuzikunja tangu mchana.

Humu hutapata mambo ya kufua soksi, kuamka mapema na kuwaogopa wasichana wa Kampala. Hayo mama yako atakupa mpaka mlangoni mwa treni, na nisingeshangaa ufike chuoni ukute mengine ameyashonea ndani ya koti. Mimi nina neno moja, na nina haraka nalo kwa sababu ya jambo la juzi.

Juzi uliingia uani umebeba mbao begani. Nilikuwa nimekaa na baba yako mkubwa, Barasa, tunakunywa chai. Ulisimama ukatuamkia, nikakuitikia vizuri. Ulipopita nikamgeukia mama yako nikamuuliza, "Huyu kijana ni wa nani?"

Wewe ulicheka. Ulidhani natania, maana unanijua mimi ni mtu wa utani. Mama yako naye akacheka upesi upesi, akasema, "Si ni mtoto wako huyu, wacha mchezo." Barasa hakucheka. Aliweka kikombe chini, akanitazama mimi, kisha akakutazama wewe mgongoni mpaka ulipoingia karakana. Namjua ndugu yangu. Nimewahi kumwona akitazama mtu hivyo mara moja tu, na mtu yule hana kwao mpaka leo.

Sikuwa natania, Wekesa. Kwa muda wa mtu kumeza mafunda mawili ya chai, sikukujua. Niliona kijana mrefu, mwenye adabu, amebeba mbao zangu, nikajiuliza ametumwa na nani.

Na kesho asubuhi ukoo wote unakuja hapa kukuaga. Unajua tunavyofanya. Nitatia maji mdomoni, nitakupulizia kifuani, nitakutaja kwa jina, nitataja jina la baba yangu na la babake, ili kila mtu asikie kwamba anayeondoka ni wa boma hili. Kanisani wananung'unika juu ya jambo hilo, na mimi mwenyewe ni mzee wa kanisa, lakini hakuna kijana wa kwetu aliyekwenda mbali bila kupuliziwa maji na babake. Sasa fikiria nisimame pale mbele ya Barasa na wazee wote, nikutazame usoni, nisijue wewe ni nani. Fikiria niseme hivyo kwa sauti. Nimefikiria hilo siku mbili hizi. Naogopa, mwanangu. Sijawahi kuogopa hivi, hata siku ya kisu cha jando.

Pengine unasema moyoni, baba amezeeka, na wazee husahau. Hapana. Kusahau kwa uzee nakujua. Kuna siku nimezunguka karakana nzima nikitafuta randa na kumbe nimeikalia. Huko ni kusahau kwa kila mtu, hata wewe unasahau. Hii ni nyingine. Mwaka jana, wakati wa kupalilia, nilishika randa mkononi, randa niliyoitumia tangu ujana wangu, nikaitazama, na sikujua ni ya kufanyia nini. Niliigeuza juu chini. Nilinusa ule mti wake. Niliirudisha mezani taratibu nikatoka nje kukaa juani, nikawa namwambia Mungu kwamba ni jua, ni njaa, ni macho.

Baadaye jina lake likapotea. Nikawa nasema, "Nipe kile kitu." Ukanipa patasi, nikakufokea. Nisamehe kwa hilo, na kwa siku ile niliyokuita mwizi mbele ya wateja, kwamba umeniibia bawaba za mlango. Mama yako ndiye aliyezikuta ndani ya debe la unga. Alizitoa, akazifuta, akazirudisha karakana bila kumwambia mtu. Mimi ndiye niliyeziweka humo, wala sijui lini.

Kisha njia. Nimetembea kutoka soko la Bungoma kuja nyumbani tangu sijaota ndevu. Mwezi uliopita nilifika kwenye njia panda nikasimama. Njia zote mbili zilikuwa ngeni. Nilimwomba mtoto wa shule anisaidie kubeba mfuko, mfuko mwepesi kabisa, ili nipate kumfuata.

Kanisani niliomba sala ya kufunga ibada, nikakaa, nikasimama nikaiomba tena ile ile mpaka amina. Watu wakasema Roho amemshukia mzee. Nikawaacha waseme.

Lile jeneza unalikumbuka. Ulikuwapo. Nilipima marehemu mwenyewe kwa mkono wangu, nikakata, nikapiga misumari, na walipomlaza miguu haikuingia. Wafiwa wamesimama, wimbo umeisha, na mimi nimeshika futi siwezi kusoma nambari. Ulivua shati ukachukua msumeno ukaongeza mbao pale pale, ukaniambia polepole, "Baba, kaa tu kidogo." Watu wakasema ni mkosi, kwamba kaburi linadai mtu mwingine. Ni mimi tu. Ni kichwa changu.

Mama yako aliona yote haya kabla yako, na akayaficha. Nikianza neno likakwama, yeye hulimaliza. Mteja akiniuliza jambo, yeye hujibu. Tukienda sokoni hunishika kiwiko kama vile yeye ndiye anayeogopa kuanguka. Alifanya hivyo kwa mapenzi na kwa kunitunzia heshima, na mimi nilimwacha kwa sababu ya kiburi. Sasa tazama tulipofika. Mke wa Barasa anasema kisimani kwamba mama yako amenilisha kitu, ndiyo maana namfuata kama ndama na yeye ndiye mwenye kauli nyumbani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi haya hayana subira hiyo. Yanakuumbua ukiwa hai, na yanamuumbua pia anayekuficha.

Jina la ugonjwa huu silijui. Nilichokijua nilikijua Kitale, kabla hujazaliwa, na hapo ndipo linapoanza kosa langu. Mama yako analijua. Sasa ulijue na wewe.

Nilikwenda Kitale kijana. Nilijifunza useremala kwa fundi mmoja Kalasinga, mtu wa kelele nyingi na mkono safi, kisha nikapata kazi kwenye shamba la mahindi la Mzungu. Mzungu yule sitamsifu. Alikuwa na mguu mwepesi wa kupiga watu teke. Lakini alikuwa na mama yake mzee, tuliyemwita Memsahibu Mkubwa, naye huyo ndiye aliyenifungua macho. Alikuja kutoka kwao ana akili zake kamili, anajua majina yetu wote. Baadaye akaanza kuuliza treni yake inaondoka saa ngapi, na hakuna treni inayopita shambani. Halafu akawa anasema anaibiwa. "Nani nachukua kijiko yangu?" alikuwa anapiga kelele asubuhi. "Ni wewe! Wewe mwizi!"

Alimsema mpishi, mtu wa kwetu, mtulivu kabisa. Bwana akampiga mateke yake na kumfukuza. Siku chache baadaye nikaitwa kukaza kitanda cha bibi kilichokuwa kikilia. Nilipoinua godoro nikakuta vijiko vyote chini yake, vimefungwa kwenye soksi pamoja na vipande vya mkate mkavu. Nikamwita mke wa Bwana aone kwa macho yake.

Mke huyo wa Bwana alikaa kitandani akalia. Akaleta daktari kutoka mjini. Na daktari alipoondoka alifanya jambo ambalo sijaona mtu mwingine akilifanya. Alitukusanya sote barazani, wa jikoni, wa ng'ombe, wa trekta, akasimama mbele yetu na Kiswahili chake kile kibovu akasema, "Mama yetu iko mgonjwa. Kichwa yake naharibika pole pole, dawa hapana. Yeye nasema mtu naiba, yeye natukana, lakini si yeye nasema. Ni ugonjwa. Mimi naomba nyinyi, msaidia yeye." Akatuma mtu amfuate mpishi kwao na kumrudisha.

Maneno hayo tu. Hayakuchukua muda wa kuchemsha maji. Lakini tangu siku ile bibi akitoka barabarani na kofia yake kutafuta treni, yeyote aliyemwona alimwambia treni imechelewa, akamshika mkono akamrudisha. Watoto waliokuwa wakimcheka waliacha. Akitutukana tulimjibu, "Ndiyo, Memsahibu." Alikufa kwenye kitanda chake, amefunikwa vizuri, na hakuna mtu aliyeitwa mchawi. Nani angejisumbua kumroga bibi wa Kizungu, amnyang'anye nini, treni yake?

Basi mimi nilijua. Shika neno hilo unaposoma yanayofuata. Nilijua.

Nilirudi Matulo nikaoa. Nikamkuta kuka yako, baba yangu, ameanza. Ananiita kwa jina la nduguye aliyekufa zamani. Anavaa koti ndani nje. Anaamka kula, anakula, anauliza mbona hajapewa chakula. Nilimtazama nikamwona Memsahibu Mkubwa, kama waliozaliwa tumbo moja. Sikumwambia mtu. Nilifikiri, kuna haraka gani, na nani ataniamini nikimfananisha mzee wa boma na mwanamke wa Kizungu?

Tulikuwa wana watatu, Barasa, mimi na Simiyu, mdogo wetu. Barasa akasema mzee agawe shamba kabla hajafa. Wazee wakaitwa. Tulitembea na baba mpakani, yeye mbele na fimbo, sisi nyuma tukichomeka miche ya mkonge kila anapoonyesha. Alimpa Barasa upande wa juu. Alinipa mimi katikati, hapa ninapoandikia. Tukafika kando ya mto, udongo ule mweusi ambao unajua hakuna mbolea inayoushinda, fungu la Simiyu. Simiyu akasogea mbele na mche wake mkononi.

Baba akamtazama. Akamtazama kwa muda. Akasema, "Na wewe ni nani? Unatafuta nini hapa?"

Simiyu akacheka, kama ulivyocheka wewe juzi. "Ni mimi, baba."

"Wacha kuniita baba. Mimi sikujui. Huyu si mtoto wangu."

Hapo hakucheka mtu. Kwetu mzee anaweza kukosea mambo mengi, lakini akisimama juu ya ardhi anaigawa, na mashahidi wapo, neno lake juu ya nani ni mtoto wake halina rufani. Hayo tumerithi. Mzee mmoja akavua kofia, akasema, "Mwenyewe amesema. Ati sisi tutamfundisha watoto wake?" Barasa ndiye aliyemtazama Simiyu mgongoni, kuanzia kisogo mpaka visigino, kama anayetafuta alama ya kuzaliwa. Wakamwita kukhu yako, mama yangu, wakamuuliza pale pale mbele ya wanawe, basi huyu ni wa nani?

Mama alimwendea baba akamshika mikono yote miwili. "Papa wa Barasa, nitazame. Unasema nini? Ni Simiyu huyu, wa mwaka wa nzige. Ulimkata kitovu wewe mwenyewe, mkunga alikuwa hajafika." Baba akajitoa mikononi mwake akaangalia mto.

Nilikuwa nimesimama karibu naye kuliko wote. Ningenyoosha mkono ningemgusa. Ningesema maneno yale ya barazani, baba yetu ni mgonjwa, si yeye anayesema. Nilijua maneno yenyewe, nilijua na namna ya kuyasema. Nikatazama ule udongo mweusi, Wekesa. Nikatazama miche ya mkonge iliyobaki mkononi mwangu. Nikanyamaza, na kipande cha Simiyu kikagawanywa kati ya Barasa na mimi kabla jua halijashuka.

Jioni ile tulikula pamoja. Baba alichukua tonge, akasita, akatazama mlangoni. "Simiyu yuko wapi?" akauliza. "Mbona mtoto hajaja kula?"

Barasa alinitazama. Nilimtazama Barasa. Mama yangu aliondoka mekoni akatoka nje, na kilio alicholia sikupata kukisikia tena kwa mwanamke mwingine. Na hata hapo hatukuwaita wazee warudi. Baba alimuuliza Simiyu kila jioni mpaka alipokufa. "Mtoto amekwenda wapi? Ametumwa na nani muda wote huu?" Sisi tulimjibu kwamba anakuja.

Simiyu aliondoka na mama. Walihamia Malakisi, akaanza kulima tumbaku kwenye ardhi ya kuombaomba. Kukhu yako alizikwa huko, mbali na mume wake, akiwa na jina la mwanamke aliyeleta mtoto wa nje. Alikuwa mwaminifu kuliko sisi sote. Uliwahi kuniuliza kwa nini kaburi lake halipo hapa nikakwambia alipenda kukaa na mwanawe wa mwisho. Ulikuwa mdogo ukaridhika.

Miezi miwili iliyopita, nilipokwisha kuelewa kinachonipata, nilipanda lori nikaenda Malakisi. Nilimwambia mama yako kabla sijaondoka kwamba nakwenda kumwambia Simiyu kila kitu na kumrudishia fungu lake. Njia nzima niliyarudia maneno kama mtoto anayekwenda kukariri aya kanisani.

Simiyu alinipokea vizuri. Amezeeka, mikono imekuwa ya rangi ya tumbaku, lakini ukimtazama usoni unamwona kuka yako mzima mzima, paji lile, masikio yale. Hata mgeni barabarani angesema hawa ni ndugu. Alinichinjia kuku. Alinionyesha banda lake la kukaushia, majani yamening'inia kwa mafungu, akanieleza lipi ni la juu na lipi ni la chini. Tulicheka tukikumbuka utoto. Alinisindikiza mpaka kwenye lori, akanipa mzigo mdogo wa tumbaku wa kuwapa wazee huku. Akasimama kidogo, nikaona kana kwamba anangoja jambo. Nikampungia mkono.

Nilifika nyumbani nimechangamka. Mama yako akaniuliza, "Umemwambia?"

Nikasema, "Nimwambie nani, nini?"

Alikaa chini pale pale uani, kwenye vumbi, amevaa nguo zake za Jumapili. Nilikuwa na mzigo wa tumbaku mkononi na sikujua nimeutoa wapi. Baada ya siku kadhaa ndipo maneno yakanirudia, yote, sawasawa, nikiwa peke yangu karakana na hakuna mtu wa kumwambia. Niliuma shati langu nisisikike.

Kwa hiyo unaona kwa nini siwezi kujitegemea kesho. Nitaamka nikiwa na nia ya kusimama mbele ya watu na kusema mwenyewe. Nilikuwa na nia Malakisi pia.

Mama yako atakupa barua hii pamoja na uji, kabla watu hawajafika. Nimemsomea mpaka hapa. Amelia, akasema ni sawa. Nakuomba kitu ambacho hakuna baba wa kwetu anayemwomba mwanawe. Kabla sijatia maji mdomoni, kabla sijafumbua kinywa, wewe simama kwanza. Najua mtoto hasimami kabla ya babake. Simama. Sema hivi, "Baba yangu ni mgonjwa. Kichwa chake kinaharibika polepole. Akisema hanijui, si yeye anayesema." Waambie mama yako hajanilisha kitu. Waambie kuka alikuwa na ugonjwa huu huu siku ya mkonge, na kwamba Simiyu ni mtoto wake, na upande wangu wa udongo ule wa mtoni ni mali ya Simiyu kuanzia kesho. Najua ungekuwa wako. Barasa afanye na wake atakavyo, lakini awe amesikia na wazee wamesikia.

Kisha usikomee kwetu. Waeleze ilivyoanza, kile kitu kisicho na jina, bawaba kwenye unga, njia panda, sala ya mara mbili, jeneza. Waeleze kama ambavyo ungewaeleza dalili za homa. Katika watu watakaokaa uani kesho wapo walio na mzee kama huyu nyumbani, wamemfungia kwenye kibanda ili asiaibishe ukoo. Yule mama wa ng'ambo ya mto, anayeingia nyumba za watu alfajiri bila nguo na watoto wanamrushia mawe ati ni mchawi, uliwahi kumwona akifanya uchawi gani? Mimi nimemwona akitafuta mlango wa nyumba aliyozaliwa. Nimemwomba mchungaji asinipe tena zamu ya kuomba, nikijifanya naumwa mgongo. Kama hutaona vigumu, mwambie na yeye ukweli, aseme kanisani. Mimi ni mzee wa kanisa na nilinyamaza humo pia.

Sijui kama jambo hili linakwenda na damu. Kuka, sasa mimi. Sikuthubutu kumuuliza daktari yeyote, kwa sababu ya jibu. Nakuambia kwa sababu nimechoka kukuficha. Ikija siku ukashika kitu cha kazi yako usijue ni cha nini, usikae juani ukimdanganya Mungu kama nilivyofanya. Mwambie mke wako siku hiyo hiyo, na watoto wako.

Mama yako alitaka usiende. Alisema, atakayekuwa na nguvu za kumshika baba yako ni nani? Nimekataa. Ukibaki utakuwa mlinzi wangu, na utafika siku unichukie kwa haki. Nenda ukasome. Ila nenda ukijua kwamba yule utakayemkuta ukirudi huenda akakutazama kama alivyonitazama baba yangu akiniita kwa jina la maiti. Huenda nikakutuma uondoke bomani kwangu. Huenda nikasema mama yako ananitilia sumu. Nimekwisha kuanza kumdhania, Wekesa, na ninapomdhania naamini kabisa, na hilo linanitisha kuliko kufa. Mtu huyo akisema hivyo, usimtii. Mlishe, mvishe, mrudishe akipotea, lakini usimtii. Ninayekuambia haya ni baba yako, na hili ndilo agizo langu la mwisho lenye akili.

Nimeacha kalamu kidogo nikaenda kukutazama umelala. Nikakujua. Ulizaliwa wakati wa mavuno, ndiyo maana ya jina lako. Wakati wa jando ulirudi kutoka kwa wajomba na nyama ya ng'ombe shingoni, kama ilivyo desturi yetu, vumbi mpaka kwenye kope, na ulipokatwa nilisimama mbele yako nikakuona hukupepesa jicho, nikalia mimi. Una kovu la patasi kwenye kidole gumba kwa sababu nilikuharakisha. Wewe ni mwanangu. Nimeyaandika kwa mkono wangu, wino wangu, katika akili zangu.

Kesho nitakasirika. Ukianza kusema nitakukatiza, nitakuita mtoto asiye na adabu, pengine nitainua fimbo. Wazee watakuambia uketi. Barasa atakuambia uketi. Usiketi mpaka umalize. Ukimaliza, chukua sanduku lako, mshike mama yako mkono akusindikize, mwende stesheni ya Bungoma, na mimi mniache hapo uani nikigombana na watu. Usirudi kuniomba msamaha. Treni haijafika Malaba nitakuwa nimesahau kwamba nilikuwa na hasira, na huenda nikawa nimeketi mlangoni nawauliza waliobaki umekwenda wapi, na mbona hujaja kula.

Mimi niliyekujua usiku huu,
Baba yako